Video ya wimbo au biashara ya muziki: uchague ipi kwa kazi yako ya somo la habari?

Mwalimu akitangaza kuwa kazi ya muhula ni muziki, darasa zima huanza kutajiana wasanii. Jina likishapatikana, watu hudhani wameshapata mada. Bado. Jambo la kuamua kwanza ni utasimama upande gani: mbele ya video, ukiichambua shoti kwa shoti, yaani kila kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine, au nyuma yake, ukiuliza nani aliilipia, wimbo ni mali ya nani, na fedha zinaishia mfukoni mwa nani.

Ukitazama juujuu, hizo ni nusu mbili za kazi moja. Ukikaa kuandika unakuta ni kazi mbili kabisa. Kila moja inadai ushahidi wake na muda wake, na kila moja ina shimo lake la kumwangusha mwanafunzi.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa anayefanya kazi ya namna hii mara ya kwanza, tena akiwa na wiki chache tu, ningemwambia achague video. Sababu yangu ni ushahidi. Dakika nne za video ziko wazi mbele yako na mbele ya anayekusahihisha. Ukidai kitu, mnaweza kurudisha nyuma mkakitazama pamoja. Mkataba wa msanii na kampuni yake hauko wazi hivyo. Uko kwenye kabati la mwanasheria, na wewe utaona vipande tu vilivyotokea kuvuja, kuripotiwa au kufikishwa mahakamani. Lakini wapo wanafunzi ambao ningewashauri kinyume chake, nitawafikia.

Ukichagua video yenyewe

Msaada mkubwa hapa ni kazi ya mwaka 1992 ya Andrew Goodwin, msomi wa video za muziki, ambayo bado inafundishwa katika somo hili. Alitaka tutazame uhusiano wa picha na wimbo kwa namna tatu: picha zinaweza kuonyesha kile ambacho maneno yanasema, zinaweza kukikuza na kukiongezea maana, au zinaweza kuachana nacho zikaenda njia yao. Aliongeza mambo mengine: kila aina ya muziki ina desturi zake za picha, video hurejelea filamu na video nyingine, kuna suala zima la nani anatazama na nani anatazamwa, na kampuni ya kurekodi ina madai yake, hasa uso wa msanii uonekane kwa karibu na mara nyingi, pamoja na alama zitakazomtambulisha popote.

Katika zile namna tatu, chagua video ambayo picha zake zinakuza au zinaachana na maneno. Video ambayo mwimbaji anataja mvua na mvua inanyesha itakupa aya moja, kisha utabaki unazunguka.

Chukua "This Is America" ya Childish Gambino, jina la kisanii la Donald Glover, iliyoongozwa na Hiro Murai mwaka 2018. Imefundishwa sana, na kwa haki. Tuko ndani ya ghala kubwa tupu. Mtu ameketi kwenye kiti anapiga gitaa. Gambino anacheza akimsogelea. Tunapomwona tena yule mtu, amefunikwa kichwa kwa mfuko. Gambino anachomoa bastola na kumpiga risasi. Sasa tazama sekunde zinazofuata. Kijana anakuja na kitambaa chekundu, bastola inawekwa juu yake taratibu, kwa adabu, na inaondolewa. Maiti inaburutwa sakafuni. Hakuna mstari wa wimbo unaosema kwamba silaha inatunzwa kuliko mtu, lakini picha zimeshasema, na zimesema bila kuinua sauti. Hizo ni sekunde chache tu, na mwanafunzi makini anaweza kuziandikia kurasa mbili.

Endelea. Gambino anacheza na watoto waliovaa sare za shule, wako mbele, wanang'aa, kamera inawafuata. Nyuma yao watu wanakimbia, kuna vurugu, kuna mpanda farasi aliyejifunika kichwa juu ya farasi mweupe. Anayetazama mara ya kwanza huona dansi tu. Ndiyo kazi ya mpangilio ule: jicho lako linavutwa mbele, na mikato ni michache, kwa hiyo hupewi nafasi ya kupumzika ukatazama pembeni. Hapo unaweza kuandika juu ya kina cha picha, mwendo wa kamera na uhariri bila kubandika istilahi zisizo na kazi, kwa sababu kila istilahi ina kitu cha kushika.

Namna ya kufanya kazi yenyewe haina siri. Itazame video mara moja bila sauti. Sikiliza wimbo mara moja bila picha. Kisha viunganishe, utashangaa ni vitu vingapi ulikuwa unavisikia kwa sababu tu unaviona. Baada ya hapo chora jedwali la shoti: muda, ukubwa wa picha, mwendo wa kamera, mwanga na mavazi, kinachosikika wakati huo, na kama mkato umeangukia kwenye mdundo au umeukwepa. Usijaribu kufanya hivyo kwa video nzima. Chagua sehemu moja ya sekunde 40 au 50, kwa kawaida pale ubeti unapogeuka kuwa kiitikio, maana hapo ndipo waongozaji hubadilisha kitu. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kusimulia video kuanzia mwanzo hadi mwisho, na msimulizi hana muda wa kuchambua.

Kuhusu uwakilishi, yaani namna watu wanavyoonyeshwa, karibu kila kazi humleta Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, na makala yake ya mwaka 1975 inayosema kwamba kamera ya sinema hutazama kwa jicho la mwanamume na kumfanya mwanamke kitu cha kutazamwa. Mtumie, lakini kumbuka aliandika juu ya filamu za Hollywood, ambamo mhusika hujifanya hajui kuwa anatazamwa. Katika video ya wimbo mwimbaji hukutazama machoni. Hilo linabadilisha mambo. Sinéad O'Connor katika "Nothing Compares 2 U" ya mwaka 1990, iliyoongozwa na John Maybury, anaijaza skrini kwa uso wake, kichwa kimenyolewa, macho yako kwenye lenzi, na machozi yanamtoka. Lile dai la kampuni la uso wa karibu limetimizwa kupita kiasi, na bado anayetazama hawezi kumgeuza pambo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini, akajibu kwa kutumia picha zenyewe, amemjibu Mulvey badala ya kumnukuu tu.

Shimo la upande huu ni kupachika maana. Nyekundu inakuwa hatari, ngazi inakuwa maisha, maji yanakuwa utakaso, na kila kitu kinakuwa alama ya kitu kingine. Dawa yake ni kuuliza kama kitu hicho kinarudi. Rangi iliyoonekana mara moja yaweza kuwa koti ambalo mvaaji alilipenda. Rangi inayorudi kila kiitikio kinapoingia ni uamuzi wa mtu. Stuart Hall, msomi wa utamaduni, katika kazi yake ya mwaka 1973, alionyesha pia kwamba watazamaji wanaweza kuipokea maana iliyokusudiwa, wakaipokea nusunusu, au wakaikataa; basi usiandike "mtazamaji anahisi" kana kwamba yuko mmoja.

Ukichagua tasnia

Huku kuna mlango mmoja wa kuingilia, na ukiukosa hutaelewa chochote kinachofuata. Kila wimbo uliorekodiwa umebeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na melodia. Ya pili ni ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Mara nyingi ya kwanza iko kwa mtunzi na kampuni inayosimamia tungo zake, na ya pili iko kwa kampuni iliyolipia kurekodi. Mwimbaji maarufu anaweza kuwa na moja, zote, au asiwe na hata moja.

Mfano unaofaa zaidi kufundishia ni wa Taylor Swift, kwa sababu umefanyika hadharani. Mwaka 2019 kampuni yake ya zamani, Big Machine, iliuzwa kwa kampuni ya Scooter Braun, meneja wa wasanii, ikiwa na rekodi za albamu zake 6 za kwanza. Swift hakuzimiliki rekodi hizo, lakini alikuwa mtunzi. Kwa hiyo akaingia studio na kuanza kuzirekodi upya: albamu 2 zilitoka mwaka 2021, nyingine 2 mwaka 2023, kila moja ikiwa na alama ya kuwaambia wasikilizaji kuwa hii ndiyo ya kwake. Mwezi Mei 2025 akatangaza kuwa amezinunua zile rekodi za mwanzo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini kurekodi upya kuliwezekana, na kwa nini kulipunguza thamani ya rekodi za zamani machoni mwa wanaotaka kuziweka kwenye filamu na matangazo, ameshaielewa nusu ya biashara hii.

Nusu ya pili ni namna fedha zinavyofika. Kwa takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa la makampuni ya kurekodi, mapato ya muziki uliorekodiwa duniani mwaka 2024 yalikuwa dola bilioni 29.6, na takriban asilimia 69 yalitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Majukwaa makubwa kama Spotify hayana bei maalum kwa kila wimbo unaposikilizwa. Sehemu ya mapato hukusanywa pamoja, kisha hugawanywa kwa wenye haki kulingana na fungu la kila mmoja katika usikilizaji wote. Maana yake ni kwamba ada ya mtu anayesikiliza msanii mmoja tu asiyejulikana haiendi kwa msanii huyo moja kwa moja. Inaingia kwenye chungu cha wote. Na tangu mwaka 2024 Spotify haitoi malipo ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Je, huo ni utaratibu wa haki? Hilo ni swali zuri sana la kazi ya muhula, kwa sababu pande zote mbili zina hoja na kanuni yenyewe iko wazi kwa kila mtu kuisoma.

Kwa upande wa nadharia, mtafute David Hesmondhalgh, msomi wa tasnia za utamaduni. Hoja yake kuu ni rahisi kuishika: makampuni ya utamaduni yanaishi na hatari, kwa sababu hakuna anayejua kwa uhakika kipi kitapendwa. Ndiyo maana hutoa kazi nyingi ili chache zilipie nyingine, huegemea majina makubwa, na hupenda mitindo iliyokwisha kuzoeleka. Ukishaielewa hoja hiyo, ukweli kwamba makampuni 3, Universal, Sony na Warner, ndiyo yameshika sehemu kubwa ya soko unaacha kuwa taarifa ya kukariri. Walikuwa 4 hadi EMI ilipovunjwa mwaka 2012 na kugawanywa. Adorno na Horkheimer, wanafalsafa wa Kijerumani walioandika miaka ya 1940 kwamba utamaduni umegeuzwa bidhaa za kiwandani, wana uzito wao pia, ila ni wakali mno kwa mwanafunzi asiyekuwa tayari kubishana nao.

Historia ya MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, ni mada nyingine nono ya upande huu. Ilianza kurusha tarehe 1 Agosti 1981 huko Marekani, ikitegemea video ambazo makampuni ya kurekodi yenyewe yalizitoa. Kwa kampuni lilikuwa tangazo, kwa kituo kilikuwa kipindi. Lakini nani alitangazwa? Miaka ya mwanzo wasanii weusi walionekana kwa nadra, na mwaka 1983 mwanamuziki David Bowie aliuliza jambo hilo waziwazi akihojiwa na mtangazaji wa kituo hichohicho. Mwaka huohuo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikapenya, na Desemba ikafuata "Thriller" yake, iliyoongozwa na John Landis, yenye takriban dakika 14. Uamuzi wa ratiba ya kituo ulikuwa uamuzi wa uwakilishi. Huo uhusiano ndio wa kuuandikia. Tarehe peke yake hazitoshi.

Shimo la upande huu ni takwimu. Kazi inaanza vizuri, kisha inageuka orodha ya mabilioni: "Gangnam Style" ilikuwa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni 1 kwenye YouTube, Desemba 2012, Billboard, jarida la Marekani linalopanga nyimbo kwa umaarufu, lilianza kuhesabu YouTube katika chati yake kuu Februari 2013. Sawa, halafu? Unaweza kusema kwamba tangu hapo hata video iliyotengenezwa na shabiki kwa kutumia wimbo ingeweza kuupandisha wimbo huo chati, na kwa hiyo kampuni ikapata sababu ya kuwaacha mashabiki wacheze nao. Namba ikikosa sentensi ya namna hiyo baada yake, ifute. Na soma taarifa za makampuni kwa tahadhari, kwa kuwa yanajiandikia yenyewe.

Basi nani achague tasnia? Anayependa sheria, uchumi au habari za uchunguzi. Aliyekwisha kuchambua filamu mwaka uliopita na hataki kurudia zoezi lilelile. Na mwenye muda, kwa sababu utasoma sana kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Pale ambapo moja haitoshi

Kuna video ambazo ukizichambua bila kugusa biashara, unadanganya bila kukusudia. "Take On Me" ya a-ha, bendi ya Norwe, ni mojawapo. Wimbo ulitolewa mwaka 1984 na video ya kawaida ya bendi ikiimba, ukashindwa Uingereza. Ukarekodiwa upya, na Warner ikakubali kulipia video nyingine, iliyoongozwa na Steve Barron, ile ya mkono wa penseli unaotoka kwenye kitabu cha katuni na kumvuta msichana ndani. Fremu zake, yaani picha moja moja zinazounda video, zilichorwa kwa mkono juu ya picha halisi, kazi ya miezi. Oktoba 1985 wimbo ulikuwa namba 1 Marekani. Unaweza kusifu mpaka kati ya karatasi na dunia halisi hadi kesho. Lakini uzuri ule ulipatikana kwa sababu kampuni iliamua kuweka fedha tena kwenye wimbo ulioanguka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, kwa kuwa unaiingiza hadhira. Wimbo ulitoka mwishoni mwa 2019 na video yake rasmi. Februari 2020 kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, kikajirekodi kikicheza huku sahani za chakula ziko mikononi, na hatua zile ndizo dunia ilizoiga: wauguzi, wanafunzi, polisi, watawa. Video iliyoubeba wimbo haikuwa ya kampuni. Kisha mwanzoni mwa 2021 tawi la Warner la Ujerumani likazidai taasisi zilizojirekodi zikicheza zilipe leseni, na wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la North Rhine-Westphalia ikalipa kwa ajili ya video za polisi wake. Kuunganisha wimbo na picha kunahitaji ruhusa, hata kama hukusudii kuuza chochote. Katika kisa kimoja una uchambuzi wa video mbili, mashabiki wanaotengeneza maana yao, na haki ile niliyoieleza juu ikitumika mbele ya macho ya watu. Kundi la watatu lingegawana vizuri sana.

Ya zamani au ya sasa?

Video ya zamani ina faida ya kwamba mazingira yake yameshaandikwa. Huna haja ya kubahatisha. Hasara ni kwamba wengi wameshaisema, na mawazo yao yatakuingia kabla hujapata ya kwako. Video ya mwaka huu inakulazimisha kufikiri mwenyewe, ila upande wa tasnia utakuwa gizani. Kwa uchambuzi wa picha, chukua mpya. Kwa biashara, chukua kitu chenye miaka 5 au zaidi.

Na ukiruhusiwa kutengeneza video badala ya kuandika

Walimu wengine hutoa nafasi hiyo. Ichukue kama kundi lenu lina mtu mmoja anayejua kuhariri, vinginevyo muda utakwisha mkihangaika na programu. Video ya utendaji, msanii akiimba mbele ya kamera, inaonekana rahisi kuliko ya hadithi, na sivyo: midomo ikikosana na sauti hata kidogo, kila mtu ataona. Pigeni wimbo kwa sauti kubwa mnaporekodi, mwimbaji aimbe kweli badala ya kufungua mdomo tu, kisha mpange picha na sauti upya kwenye meza ya kuhariri. Rudieni wimbo mzima kwa kila pembe ya kamera, mpate cha kuchagua.

Wimbo wenyewe msiuchukue tu mtandaoni. Mtafuteni msanii asiye na kampuni, aliyetunga na kurekodi mwenyewe, maana huyo ana haki zote mbili mkononi na anaweza kuwaandikia ruhusa kwenye karatasi moja. Muulizeni kwanza kama midundo ameitengeneza yeye. Kama aliinunua kwa prodyuza, karatasi hiyo itahitaji sahihi ya pili.